Njia ya kwa Muuza Makaa

Nimechoka na milango. Mwaka wa sita huu niko mapokezi kwenye kliniki ya uzazi hapa Nateete, Kampala, na kazi ninayoijua zaidi ni kuchungulia nani yuko nje. Kila asubuhi hufika akina mama wa maombi na mhubiri wao mwenye kipaza sauti, wanasimama getini. Hawampigi mtu. Wanaita tu: wewe wa gauni la kijani, wewe mwenye mtoto mgongoni, unaenda kumuua nani? Mpaka uingie ndani, mtaa mzima umeshakujua.

Ndiyo maana tukafungua mlango wa nyuma. Unapita uani kwa muuza makaa kama mteja wake, kisha unaingia kwetu. Jirani yangu mmoja, Mnubi, mama wa watoto watano, alikuja hivyo kila miezi mitatu kuchomwa sindano ya kuzuia mimba. Mumewe, dereva wa lori za Juba, hakujua. Mama mkwe wake hakujua pia, na yeye alimfuata kila mahali. Kwa muuza makaa tu ndiko alikokwenda peke yake. Alishapasuliwa mara tatu kujifungua, na daktari alimwambia mbele yangu kwamba akibeba mimba nyingine atakufa nayo.

Basi diwani akaitisha mkutano. Kulikuwa na pendekezo la sheria ndogo: wahubiri wasimame hatua hamsini kutoka kliniki. Tulikalia viti vya plastiki tangu saa nane. Mhubiri akasema barabara ni ya umma na Neno halipimiwi hatua. Mwalimu mmoja mstaafu akajibu kwamba hata anayekwenda kutibiwa ni umma. Wakayarudia hayo hayo, kila mmoja kwa sauti ya juu zaidi, mpaka nikasinzia.

Kisha diwani akauliza: yupo mwanamke aliyewahi kuzuiwa? Asimame aseme. Kimya. Nani asimame na mama mkwe wake amekaa kiti cha pili? Hata kusimama kwenyewe ni kujitaja.

Kile kimya kiliniudhi, nikaona kama kliniki yangu inadharauliwa. Mimi Mkenya, kwetu ukiulizwa unajibu. Nikasimama, hata sikupiga magoti kama wanawake wa hapa wanavyofanya mbele ya wakubwa, nikasema kwa majivuno:

"Mheshimiwa, kliniki kwetu harudi mtu bila huduma. Wakizuiwa mbele, tunawapitisha nyuma, kwa muuza makaa."

Mhubiri akatabasamu. Diwani, ambaye tangu saa kumi alikuwa akitafuta njia ya kwenda kwake, akasema kama wanaingia, basi sheria ya nini? Watu wakainuka wakikung'uta nguo.

Kesho yake akina mama wa maombi walijigawa makundi mawili, moja getini, moja uani kwa muuza makaa. Muuza makaa akaogopa, akatia kufuli. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu, mimi niko mzima nakunywa chai.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya sindano ya yule jirani yangu. Nilimwendea nyumbani nikamkuta anachambua mchele na mama mkwe wake. Tukaongea bei ya nyanya. Aliponisindikiza, hatua tatu tu, alininong'oneza, "Usijali dada, nitapata njia." Nilitaka kumwambia ni mimi niliyesema. Sikusema. Siku ambayo mdomo ungefaa kufunguka, ulifungwa.

Lori la Juba likarudi.

Juzi alikuja kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, tumbo limeshajitokeza, mama mkwe nyuma yake amebeba mkoba. Wale wa getini wakazima kipaza sauti. Wakampisha, mmoja akamwekea mkono begani, akambariki.

Alipofika dirishani kwangu nilivuta daftari la wajawazito. Mama mkwe alikuwa bado mlangoni, akipokea pongezi.

"Leo wamenipisha, dada," alisema. Kisha akaniomba, asiporudi, niwaangalie watoto.