Dirisha Linalojibu

Usiku ule niliiweka simu mapajani, nikawa naiangalia kama mtu anayeuguza mtoto mwenye homa. Binti yangu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda chuo cha ufundi, kufundisha somo la majaribio mbele ya walimu ambao wangeamua kama wampe kazi. Aliniahidi kunipigia akitoka tu. Jua likazama, majirani wakafunga milango, simu kimya. Kila nikimpigia naambiwa hapatikani.

Mdogo wangu, fundi wa kuchomea mageti, alikuja kunisindikiza kusubiri. Huyo hana wasiwasi hata nyumba ikiungua.

"Dada, tulia. Bi Maswali leo kaulizwa yeye, bado anajibu."

"Mpaka saa hizi?"

"Kwani humjui mwanao? Akianza kueleza, hata mlinzi wa getini anaomba ruhusa."

Sikucheka. Nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu ameteleza kwenye ngazi, ameibiwa, amepanda basi lisilo lake. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Jina la Bi Maswali alipewa na huyo huyo mjomba wake kabla hajaanza shule. Alitaka kujua kwa nini kifuniko cha sufuria kinacheza maji yakichemka, na ukimjibu anauliza tena kwa nini, mpaka unamfukuza jikoni. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo majibu yangu yalikwisha kabla ya maswali yake.

Alipokua akapata kazi kwenye duka la fotokopi, akiwachapia watu barua za maombi. Mle ndimo alimojifunza kuandika programu, wateja wakiwa hawapo. Baadaye mwenye duka akamwachia chumba cha nyuma nyakati za jioni, akawa anafundisha wengine: mshonaji wa mtaani kwetu, dereva mstaafu na wasusi wawili. Walikuja kwa hamu, kisha wakaanza kupungua. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama, wakikosea alama moja tu, kompyuta inawamwagia maneno mekundu ya Kiingereza, skrini nzima. Wanadhani wameiharibu."

Yule dereva, alinisimulia, alinyanyua mikono juu kama aliyekamatwa na askari.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza programu yake mwenyewe ya kujifunzia, aliyoiita dirisha. Amenionyesha mara nyingi, kwa hiyo naweza kulieleza. Ukilifungua kwenye kompyuta lina sehemu mbili. Juu unaandika programu yako taratibu na kuihifadhi, na kesho unaikuta. Chini ni mahali pa majibizano: unaandika mstari mmoja, unabonyeza, linakujibu hapo hapo. Unaweza kuliambia jambo asubuhi na ukiliuliza jioni likawa bado linakumbuka. Ila ukilifunga, yote ya chini linayasahau. Yanayobaki ni yale ya juu uliyoyahifadhi.

Na ukikosea halikufokei. Linakwambia kwa Kiswahili kwamba mstari wa pili una mabano uliyoyafungua ukasahau kuyafunga. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, akinisomea huku namenya viazi. Nikisema sielewi, anabadilisha. Neno "batili" nililikataa mimi. Nilimwambia linanikumbusha karatasi za mahakamani, akacheka na kulifuta.

Dirisha hilo ndilo alilokwenda nalo chuoni. Mwenye duka alikuwa ameshasema anataka chumba chake kiwe stoo. Chuo kikimkataa, hana pa kufundishia, na wale watu wake wanarudi kuiogopa kompyuta kama mwanzo.

Usiku ule binti yangu alifika akiwa ameshika viatu mkononi.

"Nimeharibu, Mama," akasema. Akapita mbele yetu, akaingia chumbani kwake.

Mjomba wake alikuwa ameandaa utani wa kumpokelea. Akaumeza.

"Kesho atasema," akaninong'oneza.

Kesho yake hakusema. Nilimwekea chai, ikapoa. Nilipita mara kadhaa nikijifanya natafuta ufagio, nikamwona amekaa mbele ya kompyuta hafanyi lolote. Mchana akaja mshonaji, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

"Mwalimu yuko?" akaniuliza. "Jana alikuja kwangu simu imemzimikia, akakaa mpaka nafunga. Hasemi kitu, anapanga vifungo vyangu kwa rangi. Vimependeza, lakini nikaogopa."

Binti yangu alipoisikia sauti hiyo akatoka, akakaa nasi sebuleni. Alianza kumwambia mshonaji, nami nikapata habari kwa mlango wa nyuma.

"Nilitumia ile programu niliyokuandikia ya kupima kitambaa cha sare. Nikafungua faili kwenye kompyuta yao, nikabonyeza. Dirisha likanijibu: Jina hili silijui. Je, umelitaja kabla ya kulitumia?"

"Si maneno yako hayo?" nikauliza.

"Maneno yangu mwenyewe, Mama. Kwa upole ule ule."

Mshonaji alijiziba mdomo kwa utepe wake, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

"Cheka tu," binti yangu akamwambia. "Mwalimu mmoja wa hesabu kule chuoni pia alicheka."

Akatueleza. Hapa nyumbani dirisha lilikaa wazi wiki nzima, hakulifunga hata mara moja. Siku ya kwanza alilitajia urefu wa kitambaa, jina na kipimo chake, kule chini kwenye majibizano, kujaribu tu. Likakumbuka. Akaendelea kuandika programu yake kule juu, kila akibonyeza inakubali, akasahau kwamba urefu ule hakuwahi kuuandika juu. Kompyuta ya chuo ilipewa dirisha tupu na faili tu. Haikuwa hapa nyumbani wakati wanaambizana.

"Kama mimi nilivyomwelekeza jirani maharage yangu," nikasema. "Nikasahau kumtajia chumvi, kwa sababu mimi huitia mapema, nikifika kwenye kuunga nimeshaisahau. Alinilaumu mwezi mzima."

"Ndiyo hivyo hivyo, Mama. Chumvi."

"Sasa walimu wakasemaje?"

Akaangalia chini. "Sijui. Nilichukua mkoba nikatoka."

"Ukatoka kabla hawajasema?"

"Mama, walikuwa wanacheka."

"Wewe!" mshonaji akadakia. "Mtu unaitwa Bi Maswali, siku ya kuuliza unakimbia? Na mimi nikikosea unaniambiaje? Funga yote, fungua upya, tuone kinachokosekana. Kwangu mchezo, kwako msiba?"

Nilidhani atakasirika. Badala yake aliinuka, akarudi kwenye kompyuta, nasi tukamfuata. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya bila kusogea. Ndani ya lile dirisha mlikuwa na majibizano yake ya wiki nzima, na akilifunga yanapotea.

"Kama kuna kingine nilichokisahau, sitakijua mpaka kikosekane," akasema.

"Basi kikosekane hapa kwetu," nikamwambia.

Akalifunga. Akalifungua upya, likawa jeupe kama sahani iliyooshwa. Akaifungua faili, akabonyeza. Likauliza habari za ule urefu. Akauandika juu, akahifadhi, akabonyeza. Likauliza jina jingine, ambalo jana hawakulifikia. Akaliandika nalo. Likauliza tena. Nilikuwa namtazama usoni zaidi kuliko kwenye skrini. Alikuwa kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, ametoa ulimi kidogo. Mwishowe likaacha kuuliza, likatoa idadi ya mita za kitambaa, na mshonaji akasema mita hizo ni sawa, yeye angekata hizo hizo.

"Sasa piga simu chuoni," nikamwambia.

Alipokea mkuu wa chuo mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti nzito, nikamsikia mpaka nilipokaa.

"Binti, tulikusubiri. Tulidhani umekwenda kunywa maji."

"Samahani, Mama Mkuu. Naomba nirudie somo."

"Kesho asubuhi tuna waombaji wa masomo mengine. Ukiwahi kabla yao tutakusikiliza. Lakini nisikudanganye, sijaahidi kitu."

Nilikwenda naye. Alinikataza, nikamwambia nina shida zangu njia ile ile. Hakuniuliza ni shida gani.

Chumba cha kompyuta kiko mwisho wa korido ndefu, sakafu yake bado mbichi kwa deki, na upande wa pili ni karakana ya useremala ambako msumeno ulikuwa ukilia. Mwalimu wa hesabu alipita bila kutusalimu, akaingia. Binti yangu akavuta pumzi, akaingia. Mlango ule wa chuma ukafungwa, nami nikabaki kwenye benchi.

"Mama, nyanyua miguu," akaniambia dada mfanya usafi, akapitisha deki chini yangu. "Wako ndiye aliyeingia?"

"Wangu."

"Mbona unatetemeka kama ndiye unayetahiniwa?"

"Kelele za msumeno," nikasema.

Msumeno ukanyamaza papo hapo, tukatazamana, akacheka peke yake. Ndani nikasikia sauti ya mwalimu wa hesabu.

"Hapana, wewe usiguse. Nalifunga mimi, nazima na kompyuta yenyewe. Haya. Sasa tuone."

Kuwasha kompyuta kunachukua muda mrefu ukiwa nje ya mlango. Kisha vikasikika vidole kwenye kibodi, vikanyamaza. Nikasikia sauti ya binti yangu, lakini maneno hayakunifikia. Baadaye yule mwalimu akasema, "Ngoja nikosee makusudi." Kibodi tena. Halafu akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua yenye jambo asilolitarajia: "Mabano umeyafungua, hukuyafunga." Akacheka.

"Anacheka tena," nikamwambia dada wa usafi.

"Huyo? Mimi tangu nianze kazi hapa sijawahi kumsikia."

Waombaji wengine walianza kufika, wakasimama ukutani na bahasha zao. Niliwasogezea benchi wakae, mimi nikabaki wima, nikiutazama ule mlango na kitasa chake. Kikajongea kidogo, kikatulia. Kikajongea tena.

Mlango ukafunguka, na mwalimu wa hesabu akatoa kichwa, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Jamani, kati yenu mama wa mwalimu wetu mpya ni nani?"

Dada wa usafi akaninyooshea mpini wa deki. Mwalimu akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akakaa pembeni nipite.