Tulivyokwenda Ruaha Kuikagua Kipanga

Safari hii ilianzishwa na ugomvi wa rangi. Mimi nauza vipuri vya boti karibu na Feri, Dar es Salaam: plagi, kamba, propela, jaketi za kuokolea. Kwa sababu hiyo niliingizwa kwenye grupu la simu la wapenda boti za mbio. Ukiwaondoa wavuvi wachache ambao hawaandiki kitu, simjui hata mmoja humo mwenye boti. Lakini maoni, jamani! Maoni wanayo ya kujaza bandari.

Siku moja mzee aitwaye Gasper, mstaafu wa mashamba ya miwa, alituma picha kutoka Ruaha, wilayani Kilosa. Ilikuwa boti ndogo ya mbio, ya watu wawili, pua imechongoka, jina lake Kipanga. Zamani ilikuwa ya mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akiikimbiza mtoni siku za Jumapili, na Gasper, wakati huo kijana, ndiye aliyeisafisha na kushika usukani mwenye boti akichoka. Mgeni akarudi kwao, boti ikabaki bandani, kuku wakataga humo miaka na miaka. Alipostaafu, Mzee Gasper akaifufua. Akaziba matobo kwa faiba, akafunga mashine nyingine, akaipaka rangi nyekundu.

Grupu lilimpongeza kwa muda wa chai kupoa. Kisha mtu wa Tanga akaandika kwamba boti za aina ile hazikuwa nyekundu, zilikuwa bluu. Mzee, ambaye hajui kumkatalia mtu, akaipaka bluu. Mtu wa Mwanza akasema bluu sawa, ila si bluu ile. Akairudia. Mwingine akasema mstari mweupe wa ubavuni umekuwa mnene. Akaupunguza. Na muda wote huo Kipanga imekaa uani juu ya matairi mabovu, inakaushwa rangi, haijagusa maji.

Kisha akatuma ujumbe wa sauti. "Wanangu, hospitali wameniambia nina presha ya macho. Pembeni sioni tena, naona katikati tu, na katikati nako kunafunga. Nataka niiendeshe walau mara moja wakati bado naona. Sasa niambieni, iko tayari?"

Niliusikiliza nikiwa dukani, machozi yakanitoka mbele ya wateja. Grupu likajaa picha za mikono ya kuomba dua. Zilipokwisha, mtu akauliza propela yake ina mapanga mangapi.

Hapo ndipo ikaundwa timu ya ukaguzi. Boti isishushwe majini mpaka timu iione na kuridhika. Nani aliwapa mamlaka hayo, sijui mpaka leo. Wakachaguliwa watu wawili wenye elimu ya jambo hili, na mimi wa tatu kwa kuwa propela mpya waliyoamua afungiwe ilikuwa dukani kwangu na lazima mtu aibebe.

Stesheni ya Dar es Salaam, asubuhi, niliwakuta wenzangu wameshafika. Mmoja anaitwa Kapteni. Kazi yake ni kuuza bima, na pantoni la Kigamboni hulipanda akiwa amekumbatia nguzo, lakini kofia yake nyeupe ya ubaharia huivua kwa nadra. Wa pili ni Injinia, fundi wa majokofu, mtu mwema sana mpaka umtajie mashine za kisasa. Yeye anaamini mashine ya boti ni ile ya zamani tu, ya kuchanganya petroli na oili. Mzee Gasper alikuwa amefunga ya kisasa. Injinia alikuwa anakwenda Ruaha kama mtu anayekwenda kusuluhisha ndoa.

Treni ya umeme ilitupitisha Morogoro hata soga halijakolea. Baada ya hapo milima ikaanza kusogea, kijani kibichi, ukungu umekaa mabegani, na mahandaki yakawa yanatumeza na kututema. Nikawaambia, "Tazameni!" Kapteni akainua kichwa, akaniuliza, "Nini?" Walikuwa wanakuza picha ya Kipanga kwenye simu, wanapima mstari mweupe kwa ukucha.

Kilosa tulishuka, tukapata chai na chapati kwa mama mmoja karibu na stendi. Aliitazama propela iliyochomoza kwenye mfuko wangu.

"Dada, hiyo feni ya wapi?"

"Si feni, mama. Ya boti."

"Boti? Huku?" Akacheka mpaka akaweka upawa chini. "Haya, nendeni. Mkikosa maji, rudini mle wali."

Tulikodi gari dogo kwa njia ya Zombo. Barabara ni ya vumbi, na watu wanaokwenda mashambani kwa miguu na baiskeli hujisogeza kando wakiwa wamefumba macho. Ufuta ulikuwa umekatwa, umesimamishwa matita matita kukauka. Wachungaji wa Kisukuma walivuka na ng'ombe wao mbele yetu bila haraka yoyote, dereva akazima gari, akawasalimia, tukasubiri. Nyuma yangu ulizuka ugomvi mkubwa kuhusu kiti cha Kipanga: kilikuwa cha mbao au cha ngozi? Hakuna aliyewahi kukikalia.

Mikumi tulifika mchana, saa ya malori. Kabla ya kuingia mjini twiga watatu walikuwa wamesimama kando ya barabara wanatushangaa, na ninaapa, twiga wale walituangalia kuliko sisi tulivyowaangalia. Kwenye nyama choma Kapteni akatoa msimamo wake.

"Mimi nitasema wazi. Boti ikishafungwa mashine isiyo yake, si Kipanga tena. Ni boti nyingine iliyovaa jina la Kipanga."

"Umesema!" Injinia akapiga meza. "Kuna jamaa Mtwara anaweza kutupatia mashine ya zamani. Asubiri."

"Asubiri mpaka lini?" nikauliza.

"Mashine ya kweli haina haraka."

"Macho yake je?"

Wakatazamana. Injinia akasema kwa huruma kabisa, "Dada Mwanahawa, suala la macho ni la hospitali. Sisi tumetumwa suala la boti." Nikaendelea kuguguna mfupa wangu, maana nilihofia ningemtupia.

Ruaha tuliingia jua likiwa limelala upande wa miwa. Mzee Gasper alitupokea mlangoni, mrefu, shati limepigwa pasi. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika "Marahaba mwanangu," lakini alikuwa akiisalimia nguzo ya baraza. Ikabidi ageuze kichwa polepole mpaka akanipata. Mkewe, Mama Neema, akanishika mkono akanipeleka jikoni.

"Mwanangu, mimi hicho chombo sikipendi," aliniambia akichochea mboga. "Kimekula ua wangu, kimekula rangi ya kupaka nyumba. Lakini jana amemwaga chai pembeni ya kikombe. Juzi vilevile. Kama ni kuendesha, aendeshe kesho. Waambie wenzio."

Niliwaambia. Waliniahidi watalizingatia.

Asubuhi ya siku iliyofuata Kipanga ilibebwa kwa mkokoteni wa miwa mpaka mtoni, mahali mto ulipotanuka na kutulia. Majirani wakaja. Nilifunga propela yangu, nikamvalisha mzee jaketi la kuokolea, nikajaribu mashine, ikaunguruma vizuri. Na boti yenyewe, niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Palipokwaruzwa na kamba uliona bluu, chini yake bluu nyingine, chini yake nyekundu.

Timu ikaanza kazi. Kapteni aliizunguka akiigongagonga, sikio amelitega. Injinia alipiga magoti mbele ya mashine akatikisa kichwa, akatikisa tena. Kisha wakasimama kando ya mzee, mmoja huku mmoja kule, na kwa heshima yote wakamweleza. Kazi nzuri, mzee wetu. Kazi kubwa. Ila ukiishusha hivi itaingia kwenye kumbukumbu kama boti ya kubabaisha. Subiri mashine ya Mtwara. Na mstari nao urudiwe.

Mzee Gasper aliwasikiliza akiwa amewageuzia uso, mara huyu, mara yule. Akautazama mto. Mabega yakamshuka. "Haya," akasema. "Kama wataalamu mnaona hivyo, basi tusubiri."

Mama Neema alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mimi damu ilinichemka, nikafungua mdomo nimseme mtu, lakini kuna aliyeniwahi.

"Uuuwi! Kipanga weeee! Umetuacha!"

Alikuwa Mama Kabula, jirani yao, Msukuma ambaye ukoo wake ulihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Mzee Gasper ni Msagara, mzaliwa wa Kisanga, na Wasukuma na Wasagara ni watani. Asiyejua utani nimweleze: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kuchukua kitu chako, hata kulala kaburini siku ya msiba wako mazishi yasiendelee, na huruhusiwi kukasirika. Unampa anachodai, anatoka. Sisi Wazaramo nasi tunao huo na Wasukuma, ndiyo maana nilifunga mdomo haraka.

Mama Kabula alijifunga kanga kichwani kama mfiwa, akaja analia, akaingia ndani ya boti akajitupa kwenye kiti.

"Marehemu alikuwa mrembo! Kavalishwa sanda nyekundu, kavalishwa sanda ya bluu, kavalishwa ya bluu nyingine, hajaogeshwa hata siku moja! Wafiwa hawa hapa, wametoka Dar es Salaam, wanagombea rangi ya sanda! Yule mwenye kofia ndiye mjane?"

Watu walianguka vicheko. Kapteni akakunja uso. "Mama, tafadhali shuka. Tuko kwenye ukaguzi."

"Baba, usimguse," Mzee Gasper akamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu tufike sauti yake ilikuwa na amri. "Huyo ni mtani wangu. Ukimkasirikia umenitia aibu mimi." Akageuza kichwa mpaka akampata. "Haya mtani, unadai nini? Kuku?"

"Kuku wako wamekonda."

"Kitenge?"

"Nimevaa. Nataka marehemu aogeshwe, mimi nikiwa humu humu. Na aoshwe na mwenyewe. Sitoki!"

Mzee Gasper akaanza kucheka, cheko la tumboni, akavua viatu. "Jamani, mmesikia. Mila ni mila. Sukumeni."

Tulisukuma wote. Kapteni naye alisukuma, kofia ikaanguka majini na hakuna aliyeifuata. Mzee akashika usukani, mashine ikaitika, Kipanga ikakata maji taratibu, kisha pua ikanyanyuka, na boti ile ikatoka kama jiwe la kurushwa. Mama Kabula alikuwa anapiga kelele za kweli sasa, "Kushoto, mtani! Kushoto kuna gogo, usinizike kweli!" naye mzee anapinda kushoto, kichwa kimeinuka, anageuza uso huku na huku. Walipofika kwenye kona ya mto wakapotea, tukabaki na sauti tu. Nikasikia mtu analia kando yangu. Alikuwa Injinia.

Waliporudi, Mama Kabula aliteremka, akatangaza kwamba maziko yamekwisha na watu wakale. Mzee hakushuka. Alinyoosha mkono kuelekea ufukweni, si sawasawa pale alipokuwa mkewe, pembeni kidogo. Mama Neema akausogelea mkono ule. Nilimfunga jaketi, vidole vyake baridi. "Nikizama," akaniambia, "yale mafiga makubwa ni yako." Akapanda. Mara hii walikwenda polepole, wakakaa huko muda mrefu.

Kwenye wali wa mchana nilimuuliza Mama Kabula kama alipanga. Akanitazama kwa dharau yote ya utani. "Mzaramo mvivu wa kufikiri. Huyu mzee hajui kumwambia mtu hapana. Sasa kwangu mimi haruhusiwi kusema hapana. Nani anamweza?"

Tulirudi kesho yake kwa njia ile ile, Mikumi, Zombo, Kilosa. Nilidhani wenzangu wamebadilika, na kwa kweli mpaka Mikumi walikuwa kimya. Twiga hawakuwepo. Kisha Injinia akasema pua ya boti ilinyanyuka vizuri ingawa mashine ni ile, Kapteni akasema haikunyanyuka kiasi cha kutosha, na ubishi ukatufikisha Dar es Salaam salama. Taarifa yao iliingia kwenye grupu usiku huo huo. Mtu wa Tanga aliuliza kama kuna picha ya mchana, ili aione ile bluu.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikijifunza baadaye, kwa simu. Mvua zilipokwisha Mama Neema alinipigia. Mzee haoni tena, hata katikati. Kipanga imerudi bandani, na kuku nao wamerudi. Jioni wajukuu humkalia miguuni naye huwasimulia mto: gogo lilipo, mti ulioinamia maji, ndege mweupe aliyeruka mbele ya boti, mlima wa ng'ambo ulivyokuwa unasogea, uso wa bibi yao alivyofumba macho akafumbua. Hasahau hata jani.

"Na boti?" nikamuuliza. "Rangi yake anawasimuliaje?"

Nilisikia akimpa simu mzee, na mzee anacheka kabla hajaipokea.

"Mwanangu, hiyo waulize wale wa kwenye grupu," akasema. "Mimi nilikuwa natazama mto."