Kiwanja cha Profesa

Profesa hakuwa mtu wa utani, na heri tuliseme mapema ili lisimshangaze mtu huko mbele. Ukimsimulia kichekesho alikusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, macho makavu, kisha akakuuliza, "Halafu ikawaje?" Mumewe, mwalimu wa jiografia aliyependa soga kuliko ramani, alikuwa ameshazoea. Yeye alisema Mungu alimpa mkewe akili za watu saba, ndiyo maana akili ya kuchekea ikakosa nafasi.

Akili hizo saba, lakini, zilichapa kazi. Profesa alikuwa binti wa fundi saa, akakulia kwenye kibanda ambamo vitu viliokotwa kwa kibano na hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya. Watu walipomuuliza kwa nini, kati ya mambo yote ya udaktari, alichagua kupasua vichwa, alijibu kwamba wenzake wote walikimbilia mifupa na watoto, na kwenye foleni ya ubongo hakukuwa na mtu. Wakacheka, naye hakujua wanacheka nini. Akaenda kusoma ng'ambo kwenye baridi ya kugandisha kope, akarudi na shahada mbili, mafua yasiyokwisha na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: upasuaji wa ubongo unataka ukimya.

Hospitali ya chuo ikampa chumba cha upasuaji, wanafunzi, na maabara ndogo yenye friza mbili alizozilinda kama mama mwenye mapacha. Humo zililala chembe za uvimbe alizotoa kwenye vichwa vya watu, na umeme ukikatika Profesa alikuwa wa kwanza kukimbilia jenereta, viatu mkononi. Asubuhi alipasua, mchana alifundisha, jioni aliinamia hadubini mpaka mumewe apige simu kuuliza kama bado ameolewa.

Chumba chake cha upasuaji kilikuwa kimya kama kaburi. Redio marufuku, soga marufuku. Nesi aliyethubutu kucheka alitupiwa jicho moja tu, na jicho hilo lilimtosha wiki nzima. Hata wagonjwa waliopasuliwa wakiwa macho hawakupiga porojo. Ndiyo, wakiwa macho, usishtuke. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ngozi ya kichwa inapigwa ganzi, mgonjwa analazwa usingizi, anaamshwa katikati ya kazi, na daktari anagusa huku na huku kwa kijiti chenye umeme mdogo. Akigusa mahali pa maneno, mgonjwa anakwama. Akigusa mahali pa mkono, mkono unaruka. Basi daktari anajua kwamba hapo kisu kisipite. Kwa Profesa, mgonjwa alionyeshwa kadi za picha akazitaja, kiti, ndoo, mbuzi, hakuna cha zaidi.

Kadi hizo ndizo zilizompa jina. Upande wa kulia, mbele, juu ya jicho, aligundua sehemu ambayo ukiigusa hakuna kinachotokea. Mgonjwa anaendelea na kiti, ndoo, mbuzi kama kawaida. Akaandika makala, akabishana kwenye mikutano mpaka wabishi wakanywea, na uprofesa ukaja. Fundisho lake lilikuwa rahisi: uvimbe ukiota hapo, kata wote, usibakize hata chembe, maana mgonjwa hapotezi kitu. Wanafunzi wakapaita Kiwanja cha Profesa. Yeye mwenyewe alilisikia jina hilo akaona linafaa.

Ndipo akaja mshereheshaji.

Mji mzima ulimwita Mvunja Mbavu. Harusi isiyokuwa naye ilihesabiwa kuwa kikao. Alishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, na kwa ulimi wake aliweza kumfanya baba mkwe aliyenuna acheke mpaka ashikilie meza. Sasa siku moja, katikati ya sherehe, mkono ule wa kushoto ukaanza kucheza peke yake. Wageni wakapiga makofi. Ukacheza zaidi, wakashangilia zaidi. Alipoanguka chini akitetemeka, wengine walikuwa bado wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Picha ya ubongo ikaonyesha uvimbe uliokaa katikati ya Kiwanja, umenyoosha mkia kuelekea mahali pa mkono.

Walikuja ofisini wawili, yeye na mkewe. Mke alikuwa msusi, mwanamke mzuri wa kugeuza shingo, na siku hiyo alikaa ukingoni mwa kiti amekumbatia mkoba.

"Profesa," mshereheshaji alianza, "niambie ukweli. Ukifungua humu ukakuta patupu, utamwambia mke wangu?"

"Hapawezi kuwa patupu. Nimeona picha."

"Usimsikilize huyu," mke akadakia. "Wewe ng'oa. Ng'oa wote mpaka mzizi. Watu wote wameniambia niende kwako kwa sababu wewe hubakizi. Mimi namtaka hai, basi."

Mshereheshaji akatazama ubongo wa plastiki uliokuwa mezani. "Na utani wangu?" aliuliza, na safari hii hakuwa anatania. "Ukikata huko, utabaki?"

"Ukiweza kuongea, utatania. Utani hauna mahali pake kwenye ubongo. Hapo napajua kuliko sebule yangu."

"Basi nipe kitu kimoja. Nikiwa macho mle ndani, kadi zako za mbuzi weka pembeni. Niache nishereheshe."

Profesa alikataa katakata. Aliyemlegeza alikuwa daktari wa usingizi, mzee mtaratibu waliyefanya naye kazi tangu enzi za friza moja. "Mwache aongee, dada yangu," alimwambia wakiwa koridoni. "Mgonjwa aliyetulia ni raha kwangu. Akijifungia na hofu yake, mapigo yanapanda, mimi ndiye nahangaika." Profesa akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba wengine wasijibu.

Siku ya upasuaji ilianza vizuri. Fuvu likafunguliwa, dawa ikapunguzwa, na mshereheshaji akafumbua macho chini ya hema la vitambaa vya kijani. Akalamba midomo.

"Mabibi na mabwana, tumekusanyika hapa leo kufungua kichwa cha mtu. Wageni wanaombwa wasiondoke na chochote."

Nesi wa vifaa akaguna ndani ya barakoa. Profesa akamtupia jicho.

"Upande wa bwana harusi tunaye daktari wa usingizi. Huyu bwana ana kipaji. Nasikia akirudi nyumbani akisema tu 'hodi', familia nzima inapiga miayo. Na yule dada anayehesabu pamba, mpigieni makofi. Hesabu vizuri, dada, mimi si godoro."

Hapo kukawa hakuna wa kumzuia mwenzake. Mabega yalitikisika, na daktari wa usingizi alitazama dari kwa nguvu kama anasoma kitu. "Msitikise meza," Profesa alisema. Akaendelea na kazi yake. Akapata mahali pa mkono, vidole vya kushoto vikaruka, akaweka alama. Mkia wa uvimbe ukatoka vizuri. Kisha akahamia Kiwanjani, akagusa kwa kijiti chake kutimiza utaratibu tu.

"Sasa anaingia mjomba wa bwana harusi," mshereheshaji alikuwa anasema. "Amevaa suti. Suti ni ya kijivu. Amekaa kwenye kiti."

Profesa akainua kijiti.

"Kiti chenyewe cha kuazima, kama suti."

Chumba kikacheka. Profesa akanyoosha mkono apewe kisu.

"Profesa," daktari wa usingizi alisema polepole, "hebu gusa tena hapo."

"Pana nini? Anaongea vizuri."

"Anaongea vizuri sana. Lakini ulipogusa, hakuna aliyecheka."

Akagusa tena. "Anafuata shangazi wa bi harusi," mshereheshaji alisema. "Amebeba zawadi. Zawadi ni sufuria. Sufuria ina mfuniko." Sauti ile ile, maneno yamekamilika, na chumba kizima kimya. Akainua. "Tumeufunua huo mfuniko, ndani tumekuta ukoko."

Profesa hakuona cha kuchekesha kwenye ukoko. Ikabidi atazame macho ya watu juu ya barakoa, maana hicho ndicho kipimo pekee alichokuwa nacho. Macho yakacheka. Akagusa mara ya tatu, macho yakazimika. Akainua, yakawaka. Aibu ilimpanda shingoni ikiwa ya moto. Miaka yote hiyo aliwafungia watu kwenye ukimya na kadi za mbuzi, akagusa mahali hapa, akaandika kwamba hakuna kinachopotea. Kingepoteaje, wakati hakuna aliyeruhusiwa kucheka?

Tusimpambe Profesa. Alisimama pale na kijiti mkononi, na wazo likamjia lenyewe: kata. Uvimbe wote utatoka, kama mke alivyoomba. Mgonjwa ataongea, mkono utapona, na kila alichowahi kuandika kitabaki kimesimama. Hakuna mtu nje ya mlango ule ambaye angejua. Alilitazama wazo hilo kwa muda ambao hakuupenda baadaye alipoukumbuka.

"Unanisikia?" aliuliza mwishowe.

"Nakusikia, Profesa. Umekuta patupu?"

"Nimekuta utani wako. Nilikwambia hauna mahali pake, nilikosea. Upo hapa, na uvimbe umeukumbatia. Nikikata wote, utaongea, utatumia mkono wako, lakini utani siwezi kukuahidi tena. Nikiacha, kinabaki kipande kama ukucha wa kidole gumba. Tutakipiga mionzi, lakini siku moja kinaweza kukua."

Mshereheshaji akalamba midomo tena.

"Mke wangu umemwona," alisema. "Unadhani alinipendea sura?"

Safari hii hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekuwa anamgusa.

"Kiache," akasema.

Profesa akakiacha.

Mke alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajamwita. "Umetoka wote?"

"Hapana. Kimebaki kipande. Nilimuuliza, akaniambia nikiache." Akamweleza yote, na mke akasikiliza huku mkono ukizidi kuuminya mkoba.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Kimoja tu, Profesa! Hata wewe mwenyewe umeandika kwamba hapo panakatwa pote. Kwa hiyo nimepewa kichekesho, halafu mume nitamzika?"

"Niliandika vibaya," Profesa akajibu. Akabaki amesimama naye mpaka mwanamke yule alipogeuka akaenda zake kukaa kwenye benchi la mbali.

Asubuhi mgonjwa alikuwa amevimba uso, jicho moja limefumba, bandeji kichwani kama kilemba cha sultani. Mke aliketi kando ya kitanda, bado amenuna. Profesa alikuwa anapima mkono wa kushoto, unafumba, unafumbua, vizuri tu, mshereheshaji alipogeuza kichwa taratibu akamkazia mkewe jicho zima.

"Baba," mke alisema kwa sauti ndogo, "unanijua mimi ni nani?"

Akamtazama. Akaendelea kumtazama. Rangi ikamtoka mke, na Profesa alishachomoa tochi yake mfukoni ampime.

"Samahani, dada," mshereheshaji alisema, maneno yakitoka moja moja. "Mimi nimeoa. Na mke wangu mkali. Akikukuta hapa, tutakwisha wote."

Mke alimpiga begani kabla hajakumbuka kwamba huyo ni mgonjwa. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha saluni, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa. Akacheka mpaka kikageuka kilio, akaficha uso kwenye shuka la mumewe, na mumewe akawa anampapasa kisogo kwa mkono wa kushoto. Profesa akarudisha tochi mfukoni.

Profesa alimkuta mke koridoni baadaye, akinawa uso kwenye sinki.

"Bado nina hasira na wewe," mke alisema. "Hicho kipande kitaninyima usingizi, ujue."

"Najua."

"Lakini ungekikata, ningekushukuru." Akafunga bomba. "Angerudi nyumbani anatembea, anakula, anajibu salamu. Ningesema ugonjwa umemchosha, ipo siku atachangamka. Ningekuletea na zawadi. Nisingejua kamwe ulichochukua."

Profesa aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya ofisini. Juu ya kabati la ofisi ile kulikuwa na saa ya ukutani, maua ya plastiki, kikombe chenye maandishi ya asante, na kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono, maua madogo ya samawati pembe zote nne. Aliyekifuma alikuwa mke wa mhasibu mmoja aliyekatwa uvimbe Kiwanjani, ukaisha wote. Ilikuwa miaka mingi imepita, na mhasibu alikuwa mzima.

Profesa akampigia mama huyo simu; namba ilikuwa ile ile. Mama yule alipokea akafurahi kupita kiasi, akaita baraka zote kichwani mwa Profesa, akaanza kumshukuru upya. Profesa akamwacha amalize.

"Mama, nilikuwa na swali," alisema. "Mzee huwa anacheka?"

Ikasikika redio ikipunguzwa, kisha kiti kikisogezwa.

"Subiri, Profesa," yule mama akasema kwa sauti ya chini. "Ngoja nitoke nje, asinisikie."