Posa Iliyokwamishwa na Behewa la Mchele

Nilikataa posa ya binti yangu kwa sababu ya behewa la mchele. Ndiyo, umesoma vizuri.

Naitwa Ambokile. Nimestaafu reli Mbeya, sasa nakaa Kihesa, Iringa, kwa kina mke wangu, mji usio na hata mita moja ya reli.

Kazi yangu ilikuwa kupanga mabehewa yadini, pale stesheni. Reli inapogawanyika kuna pointi: unaigeuza, unaifunga kwa pini, halafu unampungia dereva bendera ya kijani.

Mwaka 2004 behewa la mchele wa Ubaruku likaacha reli na kulala ubavu. Dereva, Didas, akasema sikufunga pointi. Mimi nikasema aliondoka kabla ya bendera. Kamati ikatupa wote wawili barua za onyo.

Tangu siku ile hatukusalimiana. Hata msibani, akikaa upande huu wa turubai mimi nahamia ule.

Miaka ishirini baadaye, binti yangu Goodness analeta mchumba. Kijana safi, mwalimu, anaitwa Silvester.

"Baba yako ni nani?"

"Mzee Didas, alikuwa reli Mbeya."

Chai ikanipalia.

Nikatoa tamko: posa napokea siku Didas atakapokuja kukiri kwamba aliondoka kabla ya bendera.

"Baba Goodness," mke wangu Rozalia akasema, "mtoto ana miaka ishirini na tisa. Unataka azeekee hapa kwa ajili ya mchele?"

Goodness alikwenda jikoni, nikamsikia analia. Iliniuma, sikatai. Ila nilikuwa na uhakika kwamba haki ni yangu, na mtu mwenye uhakika ni mzigo kwa familia yake.

Nikateka rafu ya vyombo vya wageni pale sebuleni. Miezi mitatu nikaijenga yadi yetu yote juu ya ubao wa mita mbili. Reli ni spoku za baiskeli. Kichwa cha treni cha betri nilikitoa dukani kwa Hardik, mabehewa nikakata maboksi. Pointi tatu, kila moja na pini yake, pini za nywele za Goodness.

Nikaweka hadi ule mteremko mdogo wa njia ya pili. Nilipima kwa kamba na kumbukumbu. Sikutaka mtu aseme nimependelea.

Washenga wakaniambia baba wa kijana haendi kuposa, haijawahi kutokea. Nikasema bila Didas hakuna kikao.

Jumamosi akaja, kavaa koti la harusi yake. Rozalia akawakaribisha kwa Kihehe, "kamwene, kamwene", akapanga vikombe vyake vizuri mezani, chini ya rafu.

Nikampa Didas swichi ya treni. Mimi nikashika bendera. Nikawaeleza wageni kila kitu, pointi hii, njia ile, nikanogewa kabisa. Kisha nikainua kijani.

Didas hakusogea.

"Nenda!"

"Pointi ya pili hujaifunga."

"Nimeifunga! Wewe nenda!"

Akaenda.

Behewa likafika pointi ya pili, likayumba, likaruka kutoka rafuni hadi kwenye birika la Rozalia. Chai ikamwagikia washenga.

Pini nilikuwa nayo mkononi.

Kibaya si birika. Kibaya ni kwamba yale maneno niliyatambua. "Nimeifunga, wewe nenda." Ndivyo nilivyomjibu mwaka 2004, neno kwa neno, na kwa miaka ishirini nilikuwa nimejisahaulisha.

Nikakaa chini. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Didas," nikasema, "ni mimi."

Nilitegemea acheke. Wapi! Akaiweka swichi mezani taratibu.

"Hata siku ile niliiona pointi haijafungwa, Ambokile. Nilikuwa juu, naona reli yote. Lakini ulivyonifokea mbele ya vibarua, nikasema moyoni, ngoja aumbuke. Nikaenda makusudi. Kama leo tu."

Kumbe kamati tuliyoitukana miaka yote ile ndiyo pekee iliyokuwa na akili.

Goodness akaja na kitambaa cha kufutia chai. Akatuangalia, baba yake na mkwe wake mtarajiwa.

"Mmemaliza?" akauliza. "Maana na sisi tuna shughuli yetu."

Barua ya posa ilikuwa imelowa, lakini ilisomeka. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, nawapa somo moja tu. Ukitaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba hukukosea, tafadhali usiwe fundi mzuri.