Nafasi ya Mama

Majuzi runinga ilionyesha mawakili wakihojiwa kujaza nafasi ya jaji wa Mahakama ya Juu aliyefariki, nikanusa tena moshi wa kibuyu cha maziwa.

Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu Ziwa, redio ilitangaza mahojiano kama hayo wiki chache baada ya kumzika mama. Nilidhani kila aliyefariki hutafutiwa mwingine hivyo. Basi jirani yetu, Mama Chebet, alipokuja kutusafishia na kukifukiza kibuyu cha maziwa kwa mkaa, kazi aliyokuwa akiifanya mama, nilimketisha mezani, nikafungua daftari.

"Kwa nini unaitaka hii kazi?"

Alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na gambuti zake zenye matope. "Hiyo nafasi haijatangazwa," akasema.

Nililingoja hilo tangazo. Hadi leo nikienda nyumbani humkuta baba akila peke yake, na kibuyu ukutani hakinuki chochote.