Kilo Saba Kwenye Kadi

Uvumilivu uliniisha nilipomwona nesi akiandika kilo saba kwenye kadi ya kliniki, na mwanangu bado yuko mgongoni, sijafungua hata kanga.

“Dada, hujampima.”

“Mtoto anacheka hivyo, nimpime nini? Nyie mnataka haraka, halafu mnalalamika.”

Mwezi uliopita aliandika kilo hizohizo, na mwezi wa kabla yake pia. Gauni nililomnunulia mnadani Majimoto lilimbana wakati wa palizi. Sasa linamporomoka mabegani. Nililiona, lakini niliiamini kadi kuliko macho yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilichana karatasi ya daftari nikamwandikia mganga mfawidhi: “Mwanangu hajapimwa miezi mitatu. Naomba apimwe leo, mimi nikiona.”