Mita Tu, Sikai

Ngo, ngo, ngo: kalamu ya chuma juu ya geti. Kwa miaka thelathini na mmoja hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya Mzee Mita, na nyuma yake maneno yaleyale kila nyumba: "Mita tu, mama, sikai!" Akikaribishwa kiti, anakataa. Akipewa maji, anayanywa wima, jicho kwenye namba.

Kisha mita za umeme zikajifunza kujisoma zenyewe. Ofisi ikamkabidhi cheti, saa ya ukutani na makofi ya dakika moja, ikamrudisha kwa mkewe, Mama Pacha. Huyu, tangu mapacha wake waolewe, alikuwa akiishi na samaki sita katika tangi la kioo sebuleni. Mnene wao alimwita Mkurugenzi, kwa sababu hakuwa na kazi ila kufungua mdomo na kuufunga.

Mstaafu alivumilia miezi mitatu. Wa nne alirudi na kipimo kidogo cha umeme, kile unachochomeka ukutani halafu kifaa chako unakichomeka juu yake, akatangaza ukaguzi wa nyumba nzima.

"Kuna kitu humu kinakunywa umeme kama mlevi," alisema. "Nikikibaini, kinaondoka."

"Kwenda wapi, Baba Pacha?"

"Kwa jirani. Ameshaniambia anapenda samaki."

Mama Pacha akaona hukumu imeitangulia kesi. Hakubishana. Alisogeza kiti chake karibu na tangi, kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Kila asubuhi mzee aligonga mlango wa jiko lake mwenyewe kwa kalamu, "Mita tu, mama, sikai!", akapita katikati ya masufuria na tochi mkononi, mchana kweupe. Friji ilihojiwa kutwa nzima. Birika la umeme likapewa onyo. Saa ya ukutani peke yake ilisifiwa, maana ilitumia betri. Tangi lilipangiwa siku saba, na pampu yake ikaendelea kutoa mapovu bila kujua kwamba iko kizimbani.

Siku ya nane alivaa miwani. "Pampu na taa, wiki nzima: uniti moja na nusu." Akakigonga kipimo kwa kidole. Akakitikisa. Namba haikuongezeka.

"Haiwezekani! Mwizi yumo humu humu."

"Na pasi je?"

"Pasi haihusiki. Pasi ni ya kazi."

"Kazi ipi, mume wangu?"

Mzee Mita alijitazama. Shati la buluu la sare, kola imesimama. Mkunjo wa suruali ungeweza kukata mkate. Kila alfajiri tangu astaafu alikuwa akiinyoosha sare ile dakika arobaini, akaivaa, akakosa pa kwenda.

Angeweza kunyamaza. Lakini maishani mwake hakuwahi kuandika namba ya uongo, hata kwenye mita ya shemeji yake. Akaichomeka pasi kwenye kipimo, akainyoosha sare siku saba kama kawaida, kisha akasoma kwa sauti: "Uniti tatu."

"Mara mbili ya Mkurugenzi na ofisi yake yote," alisema Mama Pacha.

Mzee akaanza kuviringisha waya wa pasi. "Nilisema kinaondoka. Kinaondoka."

"Iache hapo. Pasi ina kosa gani? Haijiwashi yenyewe."

Akamvutia kiti cha pili, akakiweka mbele ya tangi, ubavuni mwa chake. "Karibu kiti, Baba Pacha."

"Mita tu, ma..." Jibu lilimtoka lenyewe, akalikatiza njiani. Kipimo kilikuwa bado mkononi. Akakiweka juu ya meza. Akafungua kifungo cha juu cha shati, kile cha shingoni, kisha akashukia ukingoni mwa kiti taratibu, kama mgeni asiye na hakika ya mwaliko. Mkurugenzi akaja hadi kwenye kioo kumkagua, akafungua mdomo, akaufunga.

"Kama hamna neno," mzee alinong'ona, kwa wote saba, "leo nitakaa."